Vipande Sita

Hallunda, 12 Mei 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote. Najua hupendi kuongea na mkwe kwenye simu, nami nakiri kijasho hunitoka nikisikia sauti yako. Kwa hiyo naandika kwa mkono kama ulivyoagiza, nitapiga picha karatasi na kukutumia. Hapa Stockholm sote wazima. Mwanao Alliance anakusalimu sana.

Leo nina habari ya ajabu kidogo. Nimeingia kwenye timu. Si ya mpira, usicheke. Ni timu ya kuchoma nyama. Jirani yangu wa ghorofa ya chini, mzee Anton, Mswidi aliyestaafu ufundi bomba, ana pipa kubwa la chuma lenye magurudumu na dohani. Nyama inakaa humo kwenye moshi kutwa nzima. Siku moja alinikuta kando ya ziwa nabanika mishikaki peke yangu, akasimama, akatazama, kisha akaniuliza kama ningependa kushindana. Nikasema ndiyo kabla sijaelewa nashindana na nani. Wa tatu wetu ni Désiré, dereva wa basi, Mkongo wa Bukavu tunayesali naye. Mashindano ni mwezi wa nane, kwenye uwanja wa Järva, upande wa Husby.

Mambo mengi bado yananichanganya. Nyama wanaipaka sukari. Mbavu zikiiva mpaka nyama ikaachana na mfupa, unapoteza alama. Mwamuzi anataka aume, na jino lake liache alama yake hapo hapo. Nimemuuliza Anton sababu, akasema ndivyo ilivyo. Nimekubali tu, kama nilivyokubali mambo mengine ya nchi hii.

Sasa ombi. Ile nyama yako ya Krismasi, ambayo Alliance huitaja kila mwaka, uliipaka nini? Nimemuuliza mwenyewe, anasema hakumbuki.

Mkwe wako,
Ludovic


Buyenzi, Bujumbura, 21 Mei 2024

Mkwe wangu Ludovic,

Barua nimeipata na miwani nimeivaa, lakini sijaelewa.

Nyama inayokaa motoni kutwa nzima ni ya ng'ombe gani? Amekufa kwa uzee? Na mbavu zisizotaka kuachana na mfupa, hapa kwangu zinarudi jikoni, mpishi anaulizwa alikuwa wapi. Na sukari sitaki kuizungumzia.

Nimefundisha shule ya msingi miaka mingi, mkwe wangu, najua mtoto anapoleta barua ya uongo kutoka nyumbani. Alliance hakumbuki viungo vya Krismasi? Desemba iliyopita alinipigia akiwa jikoni akanitajia kimoja kimoja, nami nikamwambia pilipili apunguze. Umri wake sio wa kusahau.

Jambo jingine. Nilimpigia juzi nikasikia watoto wanapiga kelele kwa Kiswidi karibu na sikio langu. Ninyi bado hamjajaliwa. Watoto wa nani hao? Yeye ananiambia, "Ludovic anakusalimu." Wewe unaniandikia, "Alliance anakusalimu." Mbona kila mmoja anasalimia kwa niaba ya mwenzake na sijawasikia pamoja tangu Pasaka?

Viungo nitakupa ukinijibu.

Mama mkwe wako,
Dancille


Hallunda, 2 Juni 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Watoto uliowasikia ni wa jirani. Mama yao ana kazi nyingi na Alliance ana moyo mwema, unamjua.

Sisi tunaendelea na mazoezi kwenye bustani ya Anton. Jumamosi tulichoma kidari cha ng'ombe kizima. Kilitoka kikavu, Anton akakitazama kwa huzuni kama mtu aliyefiwa. Désiré alisema kiko sawa, akala nusu yake.

Siku hiyo Anton alitueleza jinsi waamuzi wanavyofanya kazi, nami nikachanganyikiwa upya. Hatuwapelekei sahani. Tunapanga vipande sita kwenye kisanduku cheupe, kimoja kwa kila mwamuzi, tunafunga. Juu ya kisanduku kuna namba tu. Unakikabidhi mezani bila kusema neno, unaondoka. Waamuzi sita wako ndani ya hema. Hawajui nani kapika, Mswidi au Mrundi, mwanamume au mwanamke. Wanafunua na kula.

Désiré alishika kiuno, akachanganya na Kifaransa kama kawaida yake. "Mais Anton, mutu atakula je chakula bila kujua nani amekipika?" Anton hakulielewa swali hata tulipolirudia kwa Kiswidi. Alisema hiyo ndiyo haki yenyewe.

Alliance anakusalimu.

Mkwe wako,
Ludovic


Buyenzi, 10 Juni 2024

Ludovic,

Mtoto wa jirani hamuamshi mgeni alfajiri akimwambia mswaki wake umeanguka chooni. Nimesikia kwa masikio yangu.

Mwanangu yuko wapi?

Dancille


Hallunda, 14 Juni 2024

Mama,

Nisamehe. Alliance yuko Hjulsta, upande wa pili wa jiji, kwa rafiki yake Victoire, yule Mkongo mwenye watoto watatu. Aliondoka wiki ya Pasaka. Anaenda kazini kwake, kwenye nyumba ya wazee, kama kawaida, ni mzima. Mimi ndiye sijui nilivyo.

Hatukugombana. Ningekuwa nimempiga au nimemtukana ningejua pa kuanzia. Alifunga sanduku dogo, akaniambia, "Naenda kwa Victoire," nikamjibu, "Haya, msalimie." Nilidhani anaenda kushinda huko. Jioni nikampigia kumuuliza kama anakuja kula. Akasema, "Kula tu, Ludovic." Tangu siku hiyo nikipiga anapokea, anaongea kwa adabu, ananiuliza kama nimekula, basi. Nikimuuliza nimekosa nini, ananiambia simu inaisha moto.

Nimefikiri mpaka kichwa kinauma. Labda ni koti nililomnunulia kaka yangu Paskali bila kumshauri. Labda ni kwaya yake, maana nilimwambia wanaimba kwa kuvuta sana. Nilimwandikia ujumbe nikiomba msamaha kwa ajili ya koti. Akajibu, "Koti lipi?"

Hii timu niliingia kwa sababu siwezi kula peke yangu, Mama. Mezani kuna viti viwili na mimi najikuta nakula nimesimama. Na viungo vya Krismasi sikuvitaka kwa ajili ya waamuzi. Nilitaka nimpelekee nyama inayofanana na ya kwao, labda angenifungulia mlango. Nampenda mwanao. Sikutaka ujue, nikaona aibu.

Ludovic


Buyenzi, 20 Juni 2024

Mkwe wangu,

Afadhali umesema. Nilikuwa nimeshamzika mwanangu mara mbili kichwani.

Yeye sijamuuliza na sitamuuliza. Kama amechagua kunificha ana sababu, nami namheshimu kuliko ninavyokuheshimu wewe kwa sasa. Lakini wewe umefungua mdomo, kwa hiyo endelea. Niandikie siku ya mwisho mlipokuwa mnakaa vizuri. Nani alikuwepo, mlikula nini, nani alisema nini. Usiruke jambo kwa sababu wewe umeliona dogo. Mambo madogo niachie mimi.

Dancille


Hallunda, 30 Juni 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Siku ya mwisho ni Pasaka yenyewe, na ilikuwa siku njema, ndiyo maana sioni kitu.

Kaka yangu Paskali alikuja kututembelea kutoka Ubelgiji na rafiki zake wawili. Alliance aliamka mapema akapika kuku kwa karanga, ndizi, mboga za lengalenga, na wali kwa sababu Paskali anaupenda. Alivaa lile gauni la kitenge ulilomtumia. Tulirudi kanisani tukakaa mezani, mimi, Paskali na wageni wake. Alliance akaleta masufuria, akafunua, akachukua kijiko.

Paskali alikuwa anasimulia habari za mtu mmoja huko Ubelgiji aliyekula kwenye sherehe akaugua, watu wakasema ametegwa kwenye chakula. Ni maneno tu, unajua watu wetu. Akaishia kwa kucheka, akasema, "Basi shemeji na aonje kwanza, tusije tukazikwa Uswidi." Wenzake wakacheka. Alliance akanitazama. Nilikuwa na njaa na nilitaka mazungumzo yaendelee, nikamwambia, "Onja tu, mke wangu, kuku asipoe."

Akaonja. Kuku, ndizi, mboga, wali, kila sufuria. Halafu akatupakulia, tukala, wageni wakasifu sana. Akaosha vyombo. Hata alimfungia Paskali kuku wa kula njiani. Hakulia wala hakununa. Siku mbili baadaye ndipo akaenda Hjulsta.

Sasa hebu niambie, Mama, katika hayo kosa liko wapi? Nilipofika kwenye koti nikadhani nimelipata.

Mazoezi yanaendelea. Kidari cha pili kimelainika.

Mkwe wako,
Ludovic


Buyenzi, 7 Julai 2024

Ludovic,

Barua yako niliiweka chini nikatoka nje, nikatembea hadi sokoni bila kununua kitu. Ningekuwa mwanamume ningepanda ndege.

Umeliandika kosa kwa mkono wako mwenyewe, kwa mwandiko mzuri hata, kisha ukalipita ukaenda kutafuta koti. Sitakuandikia jibu. Darasani sikumwandikia mwanafunzi jibu hata aliponililia. Nitakuuliza tu. Ulipokuja kwangu kuposa, nilionja pombe mbele yako na mbele ya wazee wako kabla sijakupa, sivyo? Nani aliniambia nionje?

Kaa na swali hilo.

Viungo nakupa, maana nyama haina hatia. Kitunguu saumu kingi, tangawizi, ndimu, pilipili mbuzi uichome kwanza motoni mpaka ngozi iwe nyeusi, chumvi. Twanga pamoja. Ilaze nyama humo usiku kucha. Sukari usiikaribishe.

Dancille


Hallunda, 18 Agosti 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Swali lako nilikaa nalo Julai yote. Nililipeleka kazini nikisafisha mabehewa, nililipeleka kanisani. Jibu nilikuwa nalo: hakuna aliyekuambia, ulionja mwenyewe, ndiyo desturi, anayeandaa humwonyesha mgeni kwamba kilicho chema kimetoka kwenye moyo mwema. Lakini nikifika hapo najiuliza, basi na Alliance si alionja vilevile? Nikarudi nilikotoka.

Jana yalikuwa mashindano. Uwanja wa Järva ulijaa moshi. Timu zilikuwa na mahema, bendera na aproni zenye majina. Sisi tulikuwa na pipa la Anton na mwavuli wa Désiré. Kuku wetu alishika nafasi ya katikati, mbavu vilevile. Ila kidari, Mama, kidari kile kilitoka vizuri mno. Tulikipaka viungo vyako, Anton akaonja akafunga macho. Akasema kwa kidari hiki tunaondoka na kikombe. Akakata vipande sita, akavipanga kwenye kisanduku, akanipa mimi nipeleke. Ilikuwa heshima, nilijua hivyo.

Nikafika mezani. Alikuwepo mama mmoja wa makamo mwenye uso wa upole, akaniambia kwa Kiswidi, karibu. Na mimi, Mama, sijui ni kitu gani kilinishika. Niliona mtu mzima ananinyooshea mikono apokee chakula changu. Nikafunua kisanduku, nikachukua kipande, nikala mbele yake, nikamtabasamia, nikamkabidhi.

Alibaki ameshika kisanduku mdomo wazi. Akaita mkubwa wake. Mkubwa akahesabu vipande, akahesabu tena. Vitano. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia, nimeonja ili mjue ni salama. Akaniuliza kwa nini kisiwe salama.

Tukaondolewa kwenye kidari. Désiré alikuja mbio, "Mais Ludo! Uko nafanya nini? Uko nafanya nini?" na huku anajua kabisa nilichofanya, hata yeye angefanya. Anton hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, akataka tumweleze taratibu. Désiré akamweleza kwamba kwetu anayekupa chakula huanza yeye, ni adabu, kila mtu hufanya mwenyewe bila kuombwa.

Anton akauliza, "Na ukiombwa?"

Désiré akasema, "Hapo si adabu tena. Hapo wamekwambia umeweka sumu."

Akalisema hivi hivi, akifuta kisu. Mimi nilikuwa nimesimama nimeshika kitambaa cha jikoni. Ubavu mmoja wa hema la waamuzi ulikuwa wazi na niliwaona wote sita, wamekaa bega kwa bega, wanakula nyama ya watu wasiowajua. Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani. Mimi siku ya Pasaka nilijua aliyepika. Nilijua saa aliyoamka na gauni alilovaa. Nikamwambia aonje, kuku asipoe.

Alinitazama, Mama. Alinisubiri niseme, "Hapana, leta hapa, nianze mimi." Alinipa nafasi hiyo mbele ya wageni wangu, nami nikaitumia kuharakisha chakula.

Nililia pale pale, Anton akadhani ni kwa ajili ya kikombe. Nilimwambia ukweli. Akachukua sahani yake ya bati nyeupe yenye ukingo wa bluu, akaijaza kidari kilichobaki, akaweka mkate juu, akasema Hjulsta ni huko ng'ambo ya uwanja, huhitaji hata treni.

Nikavuka uwanja kwa miguu na sahani mkononi. Victoire alifungua, akamwita. Alliance akaja amejifunga kitenge kiunoni, watoto wote nyuma yake, Victoire hakuondoka. Nikamnyooshea sahani.

Akasema, "Onja kwanza."

Mbele yao wote. Watoto wakanitazama mdomo. Nikaonja nyama. Akanionyesha mkate kwa kidole. Nikauliza, "Hata mkate?" Akasema, "Hata mkate." Nikameza mkate na nilijua sasa ulikuwa na ladha gani kwake ule wali.

Nikamwambia, "Nimeelewa." Alipokea sahani, akafunga mlango. Sijui kama alikula au alimwaga. Sijui lolote, Mama. Niambie nifanye nini.

Ludovic


Buyenzi, 25 Agosti 2024

Mkwe wangu Ludovic,

Usifanye kitu. Umeshafanya.

Nikuambie jambo ambalo Alliance labda hajawahi kukuambia. Alipokuwa mdogo, zile nyakati mbaya za vita, watu hapa waliacha kula kwa jirani kwa kuogopa sumu. Hata ndugu kwa ndugu. Mtu alikuwa anakuja msibani na maji yake ndani ya chupa. Marehemu mume wangu alikuwa akifika nyumbani anafunua sufuria mwenyewe, anakula amesimama, moto moto, mimi sijapakua. Nilimgombeza kwamba hana subira. Watoto walikuwa wanacheka. Baada ya yeye kufa ndipo nikaelewa kwamba alikuwa anafanya makusudi ili waone. Mwanangu amekulia kwenye nyumba hiyo. Sasa pima mwenyewe.

Na unajua kwa nini hakuniambia? Nilidhani ananificha huzuni yake. Alikuwa ananificha aibu yako. Kila Jumapili alikuwa ananipa salamu zako ili nisikuchukie. Mwanamke aliyekuacha kabisa hahangaiki na salamu zako.

Sahani ya mzee wa watu bado iko kwake? Usiifuate. Nimemfundisha kwamba sahani ya mtu hairudishwi tupu, na nadhani hilo bado analikumbuka hata kama viungo amesahau.

Na huyo Anton mwambie pole. Kikombe kingefaa kwenye kabati lake.

Dancille


Hallunda, 8 Septemba 2024

Mama mkwe mheshimiwa,

Anton anakushukuru. Ametusajili mwakani tena, ila kisanduku atapeleka Désiré, na Anton atatembea nyuma yake.

Leo baada ya ibada kengele ya mlango ililia. Alikuwa Alliance. Ameshika sahani ya ukingo wa bluu, imefunikwa kwa kitambaa. Aliingia hadi jikoni, akaipasha moto, akaiweka mezani, akafunua. Kuku kwa karanga, Mama. Yule yule.

Nikakaa. Alivuta kile kiti cha pili akakaa, akachukua uma. Mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye sahani, kama ilivyo desturi, aonje.

Niliivuta sahani kwangu, nikala. Sikungoja uma wala kijiko, nilikula kwa mkono, moto moto, mpaka ulimi ukaungua. Yeye alishika uma hewani akinitazama.

Kuku alikuwa na chumvi nyingi mno, Mama. Machozi yalinitoka na sijui yalikuwa ya nini. Sikumwambia. Nilimaliza wote, na mchuzi.

Sasa amechukua kalamu, anasema nimeandika vya kutosha.

Ludovic

Mama, ni mimi. Chumvi niliizidisha makusudi. Nilitaka nione kama ataacha kula katikati aniambie nionje. Hakuacha, masikini, amekunywa maji tangu mchana. Sanduku nilikuwa nimeliacha nje ya mlango; sasa nguo zangu nimezirudisha kabatini. Sisi sote wawili tunakusalimu.

Alliance